Kindu–Kinshasa: Saa Moja na Dakika Hamsini na Saba

Jumatatu, 10 Juni 2024

Mdogo wangu Adèle anakuja Alhamisi kutoka Kinshasa. Miaka ishirini na sita hatujaonana. Mwaka 1998, vita ilipotufukuza Punia, tulifika Kindu kwa miguu, tukapata nafasi mbili katika ndege. Nilipiga hesabu: haiwezi kuruka kabla ya saa nane. Iliruka saa sita, Adèle ndani. Mimi ningali hapa.

Safari hii atanikuta uwanjani. Nimemwahidi.

Jumanne, 11 Juni

Nimepima kwa kamba kwenye ramani ya shule. Kilomita 1,170, mstari ulionyooka. Mwendo wa ndege, kilomita 600 kwa saa. Safari: saa moja na dakika hamsini na saba. Inaondoka saa mbili kule, yaani saa tatu kwetu. Itatua saa tano kasoro dakika tatu.

Nilimpelekea hesabu Kakule, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza tiketi. Hakuitazama. Alisema Kindu ndege inangojewa kwa masikio: ukiisikia juu ya mto, unapanda pikipiki, unafika kabla abiria hawajashuka. "Papa Mardochée, pilote haiko na kamba yako." Wateja wakacheka. Mtu asiyejua latitudo ananifundisha anga.

Alhamisi, 13 Juni

Uwanjani tangu saa tatu, ndani ya koti. Saa tano kasoro dakika tatu: anga tupu. Saa sita: tupu. Mlinzi akasema nikae tu, itakuja. Kwa ushahidi gani? Ndege iliyopitisha wakati wake kwa muda wa saa mbili haijachelewa; haipo. Saa saba nikarudi nyumbani.

Saa tisa, mngurumo juu ya mto. Mtaa mzima ukatoka nje. Niliwaeleza kuwa ni ndege ya mizigo, nikamaliza lituma yangu ya ndizi za kupondwa.

Saa kumi Kakule alisimamisha pikipiki mlangoni. Nyuma yake mwanamke mwenye mvi, amepakata sanduku.

"Yaya," akasema Adèle, kama alivyoniita mimi kaka yake tangu utotoni, "sasa njo mara ya pili."

Nilipokea sanduku, nikafuta macho. Vumbi la pikipiki.

Ijumaa, 14 Juni

Ndege ilipitia Kisangani, ikakaa huko. Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza pia, lakini hilo ni jambo lingine.

Adèle anasema alitazama kila uso pale uwanjani, akadhani nimekufa na watu wamemficha. Hilo limeniuma. Nikampigia hesabu upya mbele yake, hatua kwa hatua, aone kwamba sikukosea hata dakika moja. Alilala kabla sijafika kwenye kugawanya.

Nimemwandikia rubani barua ya kurasa tatu kuhusu njia fupi.

Jumapili, 16 Juni

Adèle anarudi Kinshasa wiki ijayo. Nimesema nitamsindikiza. Amesema Kakule atampeleka, na saa ya kuondoka wamekubaliana kunificha, wote wawili.

Haidhuru. Nitaikokotoa.