Bayocha Kwenye Magunia ya Mourine

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo nimeona bahati yangu ikipanda. Nimeiona ukutani, ukumbi wa kanisa hapa Laini Saba. Nzilani, mtafiti wa chuo kikuu, ametuonyesha mstari: kila mwaka watafiti wanaoandika kuhusu bayocha na udongo wanaongezeka. Bayocha ni makaa, lakini si ya kupikia. Unachoma magunzi ya mahindi kwenye pipa bila hewa nyingi, unasaga, unachanganya na udongo. Mstari ulikuwa chini, chini, chini, halafu wueh! Ukapaa. Kitu kinachopanda hivyo lazima kinipandishe na mimi.

Akasema hata utafiti una mitindo. Kwanza watu waliandika sana kuhusu udongo wenye asidi. Halafu kuhusu maji. Halafu vijidudu. Nimeshika yote. Alipofika kwa mambo ya kuzingatia nikatoka kuwahi foleni ya chapati.

Anatafuta mkulima wa kufanya naye majaribio Kibera. Kawangware tayari ana mmoja, Kavoi, fundi viatu wa mtaa wa Kongo kulekule. Huku atachagua mwisho wa mwezi. Mimi nimeshajichagua.

Jumapili, 2 Machi

Shida ndogo. Sina shamba. Lakini mke wangu Mourine ana magunia ya udongo mlangoni, amepanda mboga ya sukuma wiki. Anachuma jioni, anakatakata, anauza kibandani. Kibanda kinaishi kwa hayo magunia, na sisi tunaishi kwa kibanda.

Nilimwomba tukitoka kanisani, roho yake ikiwa laini. Akauliza kama hii ni kama ile ya sungura. Nikamwambia ile ilikuwa biashara, hii ni sayansi. Akasema, Baba Tracy, hizi sukuma zikikufa nafunga kibanda, na wewe ndiye utamwambia Tracy tunakula nini. Nikaapa hakuna jani litakaloharibika.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoma! Moshi mtaa mzima. Jirani yetu Phanuel, mzee wa kanisa, akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Akanimwagia mimi. Hata pole hakusema.

Makaa yametoka meusi tii. Nimeyatwanga kwenye kinu cha Mourine (hajui) na kuyatia kwenye magunia yote. Eti mtu anaanza na gunia moja kujaribu? Woga tu.

Ijumaa, 14 Machi

Sukuma zimekuwa njano. Lenah, mteja wa kila siku, ameuliza kama tumeanza kuuza maua. Nikamwambia ni rangi ya mpito.

Nikaenda Kongo kumchungulia Kavoi. Magunia yake ni kijani mpaka inakera. Yeye mwenyewe anacheza drafti! Niaje, nikamwambia, siri ni gani? Akasema alichanganya bayocha na samadi, akaiacha ikae wiki kadhaa kabla ya kupanda. Eti Nzilani huwaambia watu wote kwamba bayocha mbichi hunyonya chakula cha udongo kwanza, mmea ukabaki na njaa. Nikauliza aliwaambia wapi. Kwa mambo ya kuzingatia, akasema.

Gunia lake lingine hakulitia bayocha kabisa, alinganishe. Na tangu apande, ni kumwagilia maji tu. Uongo! Hakuna mtu hukaa bure hivyo. Anaficha kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata dawa. Kama udongo una njaa, tuulishe. Chakula chenyewe ni naitrojeni, na mkojo umejaa naitrojeni. Nimepita mlango kwa mlango na mtungi. Ojwang, keyateka anayetunza ploti yetu, ameuliza kama naumwa. Nikamwambia ni utafiti. Akasema basi angalau nisisimame karibu na watoto. Lakini watu ni wakarimu, mtungi ulijaa kabla ya chai ya saa nne.

Nimemwaga wote, bila kuongeza maji. Kwa nini nipunguze nguvu? Jioni wateja wa Mourine walipita wakiwa wameshika pua.

Jumatano, 19 Machi

Majani yameungua kandokando. Mourine haongei na mimi, anaongea na sufuria.

Sikulala vizuri. Nikajiuliza mtindo gani bado sijaujaribu. Vijidudu! Na vijidudu wako wapi kwa wingi? Kwenye busaa, pombe ya nafaka. Nimetafuta machicha, yale mabaki ya busaa, nikayashindilia juu ya magunia yote. Harufu ikawa ya sherehe. Nikaenda kupumzika, maana sayansi inachosha.

Kumbe kuku wa Phanuel wamenusa. Nilipotoka walikuwa juu ya magunia, wanachakura, wanameza. Mizizi nje! Jogoo aliwika nusu, akaanguka. Wengine walilala njiani miguu juu, na waumini wakipita wakimuuliza mzee Phanuel ni pombe ya wapi. Ameniambia ataniombea. Alivyosema, sikupenda.

Jumamosi, 29 Machi

Nzilani amekuja. Mourine alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Aliniuliza nilitia nini. Nikamweleza yote, kwa fahari, mpaka kuku. Akauliza ni gunia gani niliacha bila kutia chochote. Hakuna, nikasema, sikutaka ubaguzi. Akafumba macho. Akasema hawezi kujua kilichoua sukuma ni makaa, mkojo, machicha au kuku, kwa sababu kila wiki nilibadilisha. Akamgeukia Mourine, akampa pole kwa mikono miwili.

Mourine alichuma jani moja lililobaki, akaingia nalo ndani. Jioni hakufungua kibanda. Lenah alikuja na kikapu chake akarudi mikono mitupu. Niliumia, sidanganyi. Nilitaka kumwambia Mourine nisamehe, nikaishia kufagia mlangoni.

Nzilani amemchagua Amondi, mkulima wa sukuma ng'ambo ya reli. Lakini amepiga picha magunia yetu. Atawaonyesha wakulima wengine, sehemu ya makosa. Nimeingia kwenye utafiti!

Jumamosi, 26 Aprili

Mourine amerudi kibandani. Anauza sukuma anazonunua kwa Amondi, faida ni kidogo sana. Na amepanda gunia jipya, yeye mwenyewe, kwa maelekezo ya Nzilani: samadi, bayocha iliyokaa vizuri, miche mizuri. Ameniambia nisiliguse, nisilinuse, nisipite hata karibu. Amesema macho yakiwa na machozi. Nikakubali kwa moyo wote.

Nimebadilika. Nzilani alisema siku hizi watafiti wanataka majaribio ya miaka mingi, kwa hivyo mtindo sasa ni subira. Nimekaa kwenye kigoda tangu asubuhi nikisubiri. Subira tupu!

Lakini nikawaza, mizizi je? Juu panaweza kuwa kijani na chini kumeoza. Mourine alipoenda kwa Amondi nikang'oa mche mmoja, pole pole, nikautazama. Mizizi mizuri ajabu! Nikaurudisha. Ila mche mmoja si utafiti, kwa hivyo nikang'oa na iliyobaki.

Namsikia Mourine akimsalimia Ojwang hapo nje. Nitamweleza vizuri, ataelewa.