Njegere za Chumba cha Giza

Jumamosi, 3 Agosti

Nimepinduliwa. Mama Watoto ametangaza mezani, huku akimenya chungwa, kwamba mama yake anakuja kuishi nasi. Ameteleza bafuni kwake, nyonga inamuuma, hawezi tena kukaa peke yake. Nikasema pole zake, karibu sana, mama ni mama. Nikauliza atalala wapi. Mama Watoto akautazama mlango wa chumba cha giza. Akaendelea kumenya chungwa.

Chumba changu! Humo nimesafisha picha za mji mzima: maharusi, wahitimu, watoto wachanga kwenye beseni, wazee wa pasipoti walionuna kama wanadaiwa. Simu zilipoota macho, studio ikafa. Chumba hakikufa. Balbu nyekundu ipo. Karatasi nyeusi dirishani ipo. Harufu ya dawa ipo pia, ukivuta pumzi kwa nia njema. Kila siku baada ya chai naingia, nafunga mlango, nakaa kwenye stuli yangu. Nafanya nini? Nakaa. Nikitolewa humo mimi ni nani tena? Mzee wa sebuleni, wa kuulizwa rimoti iko wapi.

Nikasema haiwezekani, chumba kina kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwambia kesho atajua. Mimi mwenyewe nilikuwa naisubiri hiyo kesho kwa hamu.

Jumapili, 4 Agosti

Kazi imepatikana! Nilishuka kwa Kinyozi, ambaye duka lake liko chini ya nyumba yetu. Mimi ni upara mtupu, sina cha kunyolewa. Huwa nafuata gazeti na ubishi. Leo nikamkuta anajigamba mbele ya wateja. Dirishani kwake kuna trei za njegere, zimechipua, majani teketeke, anazikata kwa mkasi zikifika urefu wa kiganja na kuwauzia watu wa kachumbari. Bwana mkubwa! Juzi alikuwa hajui hata kumwagilia ua la plastiki.

Nikamuuliza, kwa dharau ili asijione, zinaoteshwaje. Akasema unaloweka njegere kavu usiku kucha, unazitandaza juu ya udongo wenye unyevu, unazifunika kwa trei nyingine yenye uzito, unaziweka gizani...

Gizani! Sikungoja amalize. Nilipanda ngazi kama kijana, goti likanikumbusha umri kwenye ngazi ya juu. Mji huu mzima, nani mwingine ana chumba cha giza?

Mama Watoto akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia hofu. Kisha akatoa sharti. Ijumaa ya tarehe kumi na sita nimpe sahani moja iliyojaa, ya kijani, kutoka chumba kile. Ikipatikana, mama yake atatengenezewa kona sebuleni. Isipopatikana, chumba ni cha mama, na nisilete maneno. Nikakubali upesi. Akaongeza kwamba nikipanda kitu kwenye trei zilizowahi kutiwa dawa za picha, atanilisha mimi peke yangu. Nikamwonyesha trei mpya, hazijatoka hata kwenye boksi lake. Nilizinunua mwaka ule nilipodhani biashara itarudi.

Jumanne, 6 Agosti

Uvundo. Mama Watoto alidhani panya amefia nyuma ya kabati. Akasogeza kabati, akapiga deki, akasogeza jokofu. Mimi nikamsaidia kumtafuta panya, ningefanyaje?

Ni njegere zangu. Zimeoza, zimekuwa uji. Nikateremka kwa Kinyozi na kumshutumu kwa kunificha siri. Akaomba kuziona. Akacheka hadi mteja wake akashika sikio kwa tahadhari. Kumbe nilichota kwenye kopo la jikoni njegere zilizokobolewa na kupasuliwa, za kupika supu. Akasema hizo ni maiti, haziamki hata kwa maombi.

Nimenunua nzima. Mama Watoto amearifiwa kwamba panya amehama.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya kukumbukwa. Niliwasha balbu nyekundu, nikainua trei ya juu. Zimesimama! Shingo zimepinda, vichwa chini, kama watoto waliolala wakiwa wamekaa. Nikavuta stuli, nikakaa kuzitazama.

Maana ndivyo picha ilivyokuwa ikija. Unaitia karatasi kwenye dawa, nyeupe pe, unaitikisa trei taratibu. Mara nyusi. Mara jicho. Mara mtu mzima anakutazama kutoka majini. Wanangu walipokuwa wadogo walipanda juu ya kreti la soda, mmoja kila upande wangu, wakibana pumzi. Binti mkubwa ndiye aliyekuwa akipiga kelele: amekuja! Hata awe mzee wa kodi, yeye alishangilia kama baba amerudi safari. Siku hizi ananitumia picha mia kwa mkupuo, zote nzuri, wala hakuna hata moja niliyoisubiri. Nimezikumbuka zile pumzi zao masikioni mwangu. Nimezikumbuka sana.

Nikajikuta nasema kwa sauti: wamekuja! Mama Watoto akauliza kutoka nje ni akina nani hao wamekuja bila taarifa. Nikamwomba asifungue mlango.

Kinyozi ameshauri, bila kuombwa, kwamba sasa nizitoe kwenye mwanga. Nimemcheka. Nani asiyejua kwamba kitu kikiwa bado kinajitokeza hukifungulii mlango? Msaidizi wangu wa kwanza alifungua mlango mara moja tu, harusi nzima ikawa nyeusi tii. Mama wa bibi harusi alikaa kwenye benchi la studio analia mpaka tulipofunga. Hapana. Zikomae kwanza.

Jumatatu, 12 Agosti

Zinarefuka ajabu! Za Kinyozi ni vibeti mbele ya hizi. Nimemwambia hivyo mbele ya wateja wake. Akaniuliza zina rangi gani. Swali la kijinga. Nyekundu, kwa sababu taa ni nyekundu. Nikapanda juu nikijichekea.

Nilipofika katikati ya ngazi nikaacha kucheka.

Nikachuna shina moja, nikalificha mkononi, nikalitoa jikoni. Lo! Njano. Njano ya mshumaa, nyembamba, imelegea kama tambi iliyopikwa. Mama Watoto alikuwa anaosha vyombo. Akauliza nimeshika nini. Nikasema uzi. Kisha ikanibidi nikae nishone kifungo, kwa kuwa alikileta na shati lenyewe.

Jumatano, 14 Agosti

Kinyozi amesema bado zinaokoka. Zikae dirishani, zitageuka kijani zenyewe. Nimefikiria jambo hili asubuhi nzima kwenye stuli yangu.

Nikizitoa, zitapona. Zikipona, Mama Watoto atasema haya basi, njegere zikae dirishani, mama akae chumbani. Hesabu hiyo hata kuku anaiweza. Yaani njegere zikipona mimi nakufa. Hivyo zibaki palepale.

Lakini sahani lazima ijae. Nimeagiza kwa Kinyozi fungu kubwa. Nikasema ni la rafiki yangu mgonjwa. Akauliza rafiki yupi. Nikasema hamjui, ni mgonjwa sana. Akapokea agizo kwa tabasamu ambalo sikulipenda.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilifanya kazi safi. Nikapitisha fungu chini ya koti. Nikajifungia chumbani dakika kadhaa, nikakatakata hewa kwa mkasi ili asikie. Nikatoka na sahani imefurika, kijani kibichi, hata mimi nikajivunia. Mama Watoto akastaajabu. Akaosha, akapitisha kwenye kikaango na kitunguu. Tukakaa. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasema tamu. Nikaanza kueleza jinsi mama yake atakavyofurahia sebule, karibu na redio.

Akaacha kutafuna. Akatoa kitu kwenye ulimi kwa vidole viwili. Akakiinua kwenye mwanga. Unywele. Mfupi, wa mvi, umejikunja.

Akaugusa utosi wangu: hakuna kitu. Akagusa kichwa chake: kilemba, na chini yake nywele nyeusi za kupaka. Hatukuwa na mtu wa tatu mezani. Akainuka, akaenda, akafungua mlango wa chumba cha giza, wote, mchana kweupe.

Nikapiga ukelele: mlango! Ukelele uleule wa miaka yote. Na yeye, kwa mazoea ya miaka yote, akashtuka akataka kuurudisha. Kisha tukatazamana.

Akaziona. Njano, ndefu, zimelaliana, zote zimeelekeza vichwa kwenye tundu la ufunguo. Nilingoja acheke. Wapi! Akakaa kwenye stuli yangu. Akakumbusha kwamba chumba hiki ndicho kilichomwoza. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho, nikamwambia imeungua. Akarudi, nikamwambia amefumba macho. Mara ya tatu akajua, na akaja amevaa hereni. Sikujua kwamba alijua! Miaka yote hii najiona mjanja.

Kisha akasema hanifukuzi. Mama yake alianguka akalala sakafuni hadi jirani alipokuja, na tangu asikie habari hiyo yeye hapati usingizi. Hana mama mwingine, na hana chumba kingine. Akalia. Nami nikalia, nikasingizia kitunguu. Nilikuwa nimemfanya aombe kitu ambacho ningepaswa kumpa siku ile ya chungwa.

Tukabandua karatasi nyeusi pamoja. Ilikuwa imeshikana na kioo, ikatoka vipande vipande. Mwanga ukaingia mpaka kwenye kona. Chumba ni kidogo! Miaka yote nilidhani kikubwa.

Jumapili, 18 Agosti

Mama Mkwe amewasili na mabegi mawili na mto wake mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akasema nimekonda au nimefupika, mojawapo. Kitanda kimeingia, kabati dogo limeingia. Trei zilisahaulika dirishani. Alipoketi akaziona. Zimegeuka! Vichwa vyote kijani, mashina bado meupe kwa chini. Akauliza nani kapanda. Mama Watoto akasema ni mkweo, mama, kwa mikono yake. Hakuongeza lolote. Mke huyu Mungu amweke.

Mama Mkwe akachuma, akatafuna, akaamuru zisiguswe na mtu. Akasema nyumba isiyo na kitu kinachoota ni stoo. Kisha akafunga mlango apumzike. Nilibaki ukumbini na stuli yangu mkononi, nisijue niiweke wapi.

Jumatano, 21 Agosti

Siku ya tatu sebuleni. Nimeulizwa rimoti iko wapi mara nne. Stuli nimeijaribu jikoni, nimefukuzwa. Nimeijaribu ukumbini, Mama Mkwe nusura ajikwae. Nimekubali yaishe. Ujanja nimeacha kabisa, nimemwapia Mama Watoto leo asubuhi, akaniangalia kwa huruma, akanishika mkono. Amekwenda sokoni na moyo mweupe.

Muda mfupi baadaye nikapita kwa Kinyozi kurudisha gazeti. Amepata wazo jipya, anajigamba nalo. Uyoga. Nikamwambia hawezi, hana subira. Nikauliza, kwa dharau, unaoteshwaje. Akasema uyoga hauna haja na jua. Unataka unyevu, utulivu, na giza...

Nimeshapima kabati la nguo la Mama Watoto. Ukifunga milango, giza lake ni la daraja la kwanza, sijaona kama hilo tangu studio. Stuli inaingia, nami naingia, magoti yakikunjwa. Nguo zake nimezitoa zote, nimezikunja vizuri, nimezipanga juu ya kochi. Akirudi nitamweleza. Ataelewa.