Siku Makalio Yangu Yalipofanyiwa Utafiti

Leo heshima yangu imeungua. Na si heshima peke yake.

Ninyi jamaa zangu wa barazani mliohamia Mariakani, nawaandikia nimelala kifudifudi juu ya mkeka, daftari liko sakafuni. Asije mtu akauliza mbona mwandiko umepinda. Nimeona niwahi kuandika kwa sababu madereva wanaobeba chokaa yangu hupita huko kwenu, na ndimi zao nazijua. Wakifika kabla ya barua hii mtaambiwa nimekufa, au mbaya zaidi, mtaambiwa ukweli na watu ambao hawakuuona.

Kazi yangu mnaijua. Miaka arobaini nachoma mawe ya matumbawe hapa njia ya Ganda mpaka yageuke chokaa. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini nusu ya nyumba nyeupe za Malindi zimepakwa chokaa yangu. (Nusu nyingine zina nyufa. Sisemi za nani.)

Basi zahanati yetu inataka kujenga wodi ya kina mama wanaojifungua. Kamati ilikuwa inataka saruji. Wakatokea wataalamu watatu wa chuo kikuu kutoka Nairobi, wanafanya utafiti wa kuta: ukuta upi una ubaridi, upi unaumbika vizuri, upi haujazi dunia moshi, upi unamfaa mgonjwa. Wakasema leo watakuja kuikagua chokaa yangu, na neno la mwisho atalitoa Sista Saumu, muuguzi mkuu wa zahanati, kwa kuwa wagonjwa ni wake. Akikubali, wodi ni ya chokaa. Akikataa, saruji imeshinda, na mimi nitabaki kuwauzia watu chokaa ya kupaka mawe ya bustani.

Saumu mnamkumbuka. Binti wa marehemu Shee, fundi mwenzetu. Nilimbeba mabegani hajaota meno. Mpaka leo na cheo chake chote, akiniona huinama: "Shikamoo baba."

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoanzia.

Uwanjani nina mafungu mawili, kila moja nalifunika kwa turubai usiku. La zamani nililizima kwa maji miezi sita iliyopita. Limepoa, limelainika kama unga wa muhogo, na hilo ndilo la kujengea. La pili limetoka tanuuni juzi, halijaonja maji bado. Hilo likikutana na unyevu linachemka lenyewe bila kuni. Mchoma chokaa yeyote hawezi kuyachanganya mafungu haya, hata akiwa na homa.

Tatizo ni kwamba lile la zamani limeingia majivu, limekuwa kijivu. Zuri, lakini kijivu. Nikawaza, watu watoke Nairobi na miwani yao waje waone kijivu? Haiwezekani. Alfajiri nikajipaka mafuta ya nazi mikononi kama tufanyavyo siku zote, nikaenda kwenye fungu bichi, nikaponda mabonge kadhaa, nikachekecha, nikalinyunyizia lile la zamani juu juu. Lo! Likang'aa mpaka likaniumiza macho. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza. (Kwa sauti.)

Kisha nikaenda kuvaa. Kikoi changu kizuri kilikuwa kwenye kamba tangu jana, na usiku kulinyesha manyunyu.

Mke wangu Mwanasiti akasema, "Hicho hakijakauka."

"Kitakaukia mwilini."

"Haya. Mwili ni wako."

Maneno hayo hakuyasema kwa ubaya. Lakini yalikuwa na ubaya wake.

Saa nne wakafika. Majina yao sikuyashika, nikawapa ya kwangu. Wa kwanza mtaalamu wa jiometri, mrefu, na kamba ya kupimia shingoni: Bwana Kamba. Wa pili mama wa fizikia, anayechunguza vitu vigumu kwa kuvigonga: Bibi Nyundo. Wa tatu wa kemia, mfuko umejaa chupa ndogo ndogo: Bwana Chupa. Nyuma yao Sista Saumu na sare yake, amenyooka kama timazi.

Bwana Kamba akaizunguka tanuu yangu, akapima, akaandika, akapima tena. "Mzee, duara hili umelipataje?"

"Kwa kijiti na kamba."

"Limekosea kwa unene wa kidole tu."

"Kidole chako au changu?"

Akacheka. Bibi Nyundo akaenda kugonga ukuta wa nyumba yangu, sikio lake karibu na jiwe kama daktari. "Huu una umri gani?"

"Sawa na kifungua mimba wangu. Ila ukuta nikiuambia usimame, unasimama."

Bwana Chupa alipoona nachomea vifuu na makumbi ya nazi badala ya kukata mikoko, akanipa mkono. "Mzee, tunachotafuta maabara siku zote, kutumia takataka na kutochafua, wewe unakifanya hapa! Wewe ni mwanakemia!"

Jamani, nikafura. Mwanakemia! Mtu wa darasa la pili lisilokwisha! Nikaona wodi imeshapanda, na jina langu juu ya mlango.

Ndipo Saumu akasema, kwa adabu zake zote, "Baba, kazi yako naijua. Lakini chokaa inachoma. Mafundi wanakuja kwangu na mikono imebabuka. Mama mzazi akiegemea ukuta na mgongo una jasho, itakuwaje? Hilo tu ndilo linalonizuia."

Jibu lilikuwapo, na jepesi. Ningemwambia chokaa ikishakauka ukutani inageuka jiwe tena, haina ukali. Maneno mafupi, yamekwisha. Lakini mtu akishaitwa mwanakemia, maneno mafupi hayamtoshi.

Nikasema, "Mwanangu, chokaa iliyozimwa haichomi hata kitoto kichanga. Tazama!"

Nikakaa juu ya fungu.

Nikakaa vizuri, kama sultani. Na kikoi kibichi. Juu ya ule weupe nilioupamba kwa mkono wangu alfajiri. (Nimeuliza nafsi yangu mchana kutwa ulikuwa umewaza nini wee mzee. Haijajibu.)

Nikaanza kuwahutubia. Nikawaeleza mawe yanavyopangwa tanuuni, makubwa chini, madogo juu, yabebane. Bibi Nyundo anaandika. Nikasikia joto. Nikadhani jua. Nikaendelea na habari ya upepo. Joto likazidi, nikakumbuka jua haliwaki kutokea chini.

"Baba, una nini?" Saumu akauliza. "Unatoka jasho."

"Mimi? Sina kitu."

"Mzee," Bwana Chupa akasema polepole, "nyuma yako panatoka moshi."

Hapo ndipo nikaelewa. Nikaruka! Tangu ujana sijaruka vile. Nikapiga ukelele ambao Mwanasiti anasema alidhani mbuzi ameingia kisimani. Bwana Kamba, masikini, kwa huruma yake akanyakua ndoo akanimwagia maji nyuma.

Ndoo moja! Chokaa mbichi! Ndugu zangu, pale niliona mababu zangu wote wamepanga mstari wananisubiri.

"Usimwagie!" Saumu akapaza sauti. "Unga unapanguswa kwanza! Baba, vua kikoi!"

"Mbele yako? Nimekubeba mabegani, wewe!"

"Vua!"

"Niletee mwanamume!"

"Baba, ngozi inaungua, haijui nani mwanamume. Mama Mwanasiti, mvue."

Na mke wangu wa ndoa ya miaka thelathini na minane, aliyenitunzia siri zangu zote, akakivuta kikoi mara moja kama anafunua sufuria.

Ndani sikuvaa kitu. (Nani huvaa?)

Nikalazwa kifudifudi juu ya benchi langu la kazi. Saumu akanipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akaamuru maji, sasa mengi, yasikome, pipa zima. Nikafumba macho nikidhani aibu imefika mwisho. Kumbe ilikuwa inavua viatu iingie ndani.

"Ni lazima niandike ukubwa wa jeraha," Saumu akasema. "Likizidi kiasi, nampeleka hospitali kuu."

Bwana Kamba akakohoa. "Naweza kupima."

Akapima! Kwa kamba ileile ya tanuu! Nikamsikia anaita namba, Saumu anaandika. "Ni mabaka mawili ya duara," akasema. "Karibu yanalingana. La kulia limezidi kidogo."

"Mzee huegemea kulia," Mwanasiti akamweleza, kama kwamba ameulizwa.

Bibi Nyundo naye akainama upande wa kichwa changu. "Samahani mzee. Ulikaa dakika ngapi kabla ya joto la kwanza?"

"Mama, mimi nakufa."

"Kwa kukadiria tu."

Bwana Chupa alikuwa anakikwangua kikoi changu, unga anautia chupani, macho yanamng'aa. "Imeiva mpaka kati! Haina jiwe hata punje! Sijapata kuona chokaa iliyochomwa safi hivi!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa uchi mbele za watu, moyo ukanipanda kwa sifa.

Ukashuka papo hapo, maana Saumu alikuwa amesimama ananitazama. "Baba. Fungu hili ulisema limezimwa miezi sita. Unga mbichi umefikaje juu yake?"

Bwana Chupa akaacha kukwangua.

Kuvuliwa kikoi si kitu, jamaa zangu. Kikoi kinarudi. Lakini mtoto wa Shee kuniuliza swali lile mbele ya wasomi, nami nimelala vile, nikaona heri niungue tena mara mbili kuliko kujibu. Nikawaza kusema ni upepo. Hapakuwa na upepo.

"Nimeunyunyiza mimi," nikasema. "Alfajiri. Niliionea haya rangi ya kijivu."

Saumu akachukua koleo langu. Akaenda kwenye fungu, akakwangua ule weupe wote kwa koleo akautupa kando, akafukua mpaka chini kabisa, akatoa konzi ya kijivu. Akailowesha. Akaishika mkononi mwake mwenyewe, kucha fupi za kiuguzi, akahesabu kimoyomoyo muda mrefu. Akaosha mkono, akautazama, akawaonyesha wale watatu. Mkono mzima.

"Wodi itajengwa kwa hii," akasema. "Ya kijivu, kama ilivyo. Na atakayeipamba kwa chochote, nitamfunga kidonda bila dawa ya ganzi."

"Marahaba," nikasema. (Hakunisalimia. Lilinitoka tu.)

Kwa hiyo kazi nimepata. Nimepakwa dawa, nimeambiwa nisikae siku tisa. Wale wataalamu wameondoka na kila kitu daftarini. Nikamsihi Bwana Kamba, "Andika habari za chokaa, makalio yaache."

Akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Mzee, nimeshachora."

Basi nawaomba jambo moja. Chekeni huko huko Mariakani mpaka mmalize, na mkija kunipa pole, msije na kamba.