Kaburi la Babu Nyuma ya Choo

Jumatatu, 2 Juni
Nimejiponza! Watu wa televisheni wamefika hapa Kimamba kutengeneza kipindi cha vita vya wazee wetu na Wajerumani. Jirani yangu Agatha kashahojiwa. Babu yake eti aliua sita kwa mkuki mmoja! Kisha kanigeukia mbele ya watu, kaniuliza wa kwangu aliua wangapi. Wangu, babu yake baba, alijificha ndani ya kihenge cha mtama mpaka vita vikaisha. Hilo nalisemaje? Mwanangu Lightness yuko chuo Morogoro, wenzake wataona, watamcheka. Nikasema babu alifia vitani. Goodhope, yule mkubwa wao, akataka kaburi. Nikaonyesha mawe nyuma ya choo. Mungu wangu! Pale nilizika beberu wangu wa mbuzi.

Jumanne, 3 Juni
Wamewasha moshi kwenye mawe yangu. Ngoma zikapigwa. Watu wanane wakakimbia na mikuki, huku na huko, mara tano. Goodhope akasema kwenye televisheni wataonekana elfu mbili. Nikaanza kutulia. Kumbe keshokutwa anakuja mtaalamu, Bwana Emanueli, kufukua mifupa! Chakula hakipiti. Beberu ana pembe. Shujaa gani ana pembe? Nitafungwa mimi. Mwanangu aache masomo aniletee uji mahabusu!

Jumatano, 4 Juni
Mchana nikachukua jembe, nizitoe pembe kabla hajafika. Agatha akachungulia uani, akauliza nafanya nini. Nikamwambia napanda viazi. Makubwa, mama Lightness, akasema, viazi juu ya shujaa! Mbio akaenda kuwaita wenye kamera. Wakanikuta na pembe mkononi. Nikasema ni baragumu la vita. Goodhope akaruka kwa furaha, akaniomba nipulize. Nikapuliza. Ukatoka mchanga.

Alhamisi, 5 Juni
Bwana Emanueli kanipa shikamoo, nikaitika marahaba. Kaigeuza pembe. Kaninong'oneza: mama, huyu mbuzi. Nikalia. Nikamweleza yote, kihenge na woga wa babu. Hakucheka! Anasema vipindi vyote vimejaa mashujaa, aliyeogopa hasimuliwi na mtu. Na kama babu asingejificha, mimi na Lightness tungetoka wapi? Kesho niseme ukweli tu, basi. Nimekula ugali sahani mbili.

Ijumaa, 6 Juni
Nilianza vizuri. Kihenge, mtama, babu anatetemeka, bibi kamfunika na ungo. Emanueli anaitikia kwa kichwa, karidhika. Ghafla namwona Agatha kwenye ua, kanga mdomoni, anacheka mpaka mabega yanaruka. Nikajikuta nasema humo kihengeni babu alikuwa na Wajerumani wawili. Kawafunga kamba. Kawakalia.

Emanueli akafumba macho. Goodhope akauliza kama kamba bado ipo. Nikasema ipo, sandukuni.

Wanarudi Jumatatu. Kesho alfajiri natafuta kamba ya katani, niitundike juu ya moshi jikoni. Siku mbili zinatosha kuizeesha.