Chupa Katikati ya Mahindi

Jumanne, 1 Julai

Mahindi matatu yametoweka! Na Jumapili wageni wanakuja. Nimekwisha.

Zipporah, mke wangu, yuko kwao Rabai tangu Aprili. Aliondoka siku niliyong'oa mihogo yake bila kumwuliza, nikapanda mahindi matamu na maharagwe ya kuparamia mabua. Baba mkwe, Mzee Nyale, aliniambia kwa upole uliouma kwamba binti yake atarudi kwangu Matsangoni siku nitakapomlisha kitu nilicholima mwenyewe kikaiva. Siku yenyewe ndiyo hiyo Jumapili.

Mwizi ni jirani yangu Kalama. Ushahidi sina. Lakini huyasalimu mahindi yangu kabla ya kunisalimu mimi.

Jumatano, 2 Julai

Akili ni mali! Nimetengeneza fingo, kago la uganga la kulinda shamba. La uongo, bila shaka. Mimi naimba besi kwaya ya kanisa. Chupa ya dawa ya kikohozi, jivu la jikoni, unyoya wa kuku, na kitambaa chekundu nilichochana kwenye leso ya Zipporah. Nimelitundika kwenye mti katikati ya shamba. Kisha nikamnong'oneza Kadii, muuza mahamri, kwamba limetegwa na mganga wa mbali, na tafadhali asimwambie mtu. Kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinanitunzia siri.

Ijumaa, 4 Julai

Kalama hakatizi tena shambani kwangu. Anazungukia barabarani. Ushindi!

Ushindi wa asubuhi tu. Maharagwe yameyazidi mahindi nguvu. Nilivipanda vyote siku moja. Kumbe mahindi yalitakiwa yatangulie. Mabua sita yamelala chini, yamenyongwa. Nikamwomba Kalama aje tuyainue. Akasema, kwa heshima zote, kwamba yeye ana watoto wanaomtegemea.

Nikageuka, nikamwona mwizi. Tumbili! Ameketi chini ya chupa yenyewe, anamenya hindi langu, ananitazama kama mwenye shamba. Habari za Kadii hazikumfikia.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeamua kuliondoa fingo kabla ya wageni. Najua kilichomo: jivu la meko yangu mwenyewe. Nikanyoosha mkono. Kalama akapiga kelele toka barabarani kwamba kuna mtu aligusa kitu cha namna hiyo, tumbo likamvimba, na limevimba mpaka leo. Mkono ukakataa. Nikajaribu wa kushoto. Nao ukakataa.

Nimeiogopa kazi ya mikono yangu! Mwanamume mzima, miaka arubaini na minne. Nikavuna ya ukingoni tu, nikakimbia.

Jumapili, 6 Julai

Nilichemsha mahindi kumi na moja. Nikapika maharagwe kwa tui la nazi. Wakafika, nikatoa shikamoo yangu. Zipporah alikuja na begi lake la nguo. Begi! Nilitaka kuruka.

Mzee akasifu harufu. Zipporah akaenda uani kunawa mikono, akarudi akiuliza leso yake inafanya nini kule mtini. Mzee akaisukuma sahani. Akasema alikuja kumwona mkulima, si mchawi.

Nikakiri yote. Nikaapa: jivu tu, unyoya tu! Zipporah akasema basi, ananisadiki. Nikalitoe sasa hivi, naye aingize begi ndani.

Hatua ishirini. Nikaenda. Nikasimama chini ya ile chupa. Nikarudi mikono mitupu.

Hakulia. Alichukua begi, akamwambia baba yake jua linapanda, waende zao. Mahindi yalibaki sahanini, bado ya moto. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekula mahindi yote kumi na moja, ya baridi. Ni matamu mno. Nimelia huku natafuna, maana sina wa kumwambia kwamba yalikubali.

Nimewaza tangu asubuhi, na kosa nimeliona. Fingo lilikuwa la uongo! Kesho naenda kumtafuta mganga wa kweli aje alitoe. Na kwa kuwa atakuwa ameshafika, nitamwomba anitegee kachupa kadogo langoni, ili Zipporah akirudi asiweze kutoka.