Kombaini ya Mwanahija

Jumamosi, 10 Januari 2026

Leo nimekuwa mwenye kombaini. Mwanamke wa kwanza Kismayu nzima. Nimebadilishana na Fahad, dalali wa bandarini: yeye kachukua mashua pamoja na injini yake, mimi nimechukua mashine ya kuvunia. Mashua ni yangu, urithi wa baba. Khamis mume wangu huivulia tu. Yuko Mombasa kwa binti yetu Rawda, ametolewa mtoto wa jicho, na mgonjwa hasumbuliwi kwa habari za biashara.

Mahindi ya Gobweni yamekauka shambani, na huko wote huvuna kwa mkono. Nitavuna mimi, wanipe fungu langu. Fahad ameapa mashine haijatumika. Nimekagua mwenyewe: saa ya injini inasoma sifuri.

Mdogo wangu Barke, tangu anunue mashine ya kusaga unga, mtaa mzima unamwita Mama Mashine. Kimashine chenyewe kinaenea chini ya kitanda. Tutaona.

Jumatatu, 12 Januari

Mtaa huu hauna shukrani. Kombaini imeingia kichochoroni na kukwama baina ya ukuta wangu na ukuta wa msikiti. Imamu ametuma ujumbe wa heshima: waumini wanapita chini ya tumbo la mashine kwenda kuswali, na kilemba cha mmoja kimebaki huko. Nimemjibu kwa heshima vilevile kwamba kuinama kidogo kabla ya swala si dhambi. Naambiwa hakucheka. Jioni wametubomolea ukuta, ikatoka. Ukuta wangu, bila shaka. Si wao.

Alhamisi, 15 Januari

Dereva wangu Sheikhan, aliyekuwa akiendesha lori la Jamame, anataka grisi, chujio jipya la dizeli na mkanda mpya. Mtu huyu ana kipaji cha kutaka. Grisi nimekataa. Vyombo vya baba vilipakwa sifa, mafuta ya papa, na havikuoza. Chuma kimejiona nani? Tumepaka kila penye kuzunguka.

Kufikia alasiri paka wote wa Kismayu wamehamia kwangu. Mmoja amezaa ndani ya tangi la nafaka. Sheikhan anasema hawezi kuwasha injini juu ya mzazi. Visingizio! Paka na wanawe nimewahamishia jikoni.

Mkanda nimeupata. Barke alikwenda matangani, na ufunguo wa duka lake ninao. Nimeuazima kwenye mashine yake. Ndugu haombi ruhusa.

Jumamosi, 17 Januari

Barke amekuja analia. Wanawake wamejipanga mlangoni kwake na ndoo za mahindi, mashine haizunguki, mkanda umeibwa. Nikamwambia dunia imeharibika, watu hawana imani. Akasema ajabu ni kwamba duka linanuka papa. Nikamjibu kwamba tunaishi pwani.

Jumanne, 20 Januari

Gobweni. Nimedhulumiwa.

Tulianzia shamba la Bimkubwa, mama mtu mzima anayeumwa mgongo, ndiye peke yake aliyekubali. Sheikhan alianza maneno pale pale: eti mdomo wa mbele wa mashine ni wa ngano, kwa mahindi hubadilishwa. Mbona hakusema bandarini? Anasema alisema. Nikamwambia mmea ni mmea, aingie.

Akaingia. Mashine ikameza mistari mizima ya mahindi kwa kishindo. Nikasimama na gunia langu wazi, nasubiri. Kila kitu kilitokea nyuma: mabua, majani, magunzi yenye punje zake. Ng'ombe wa majirani waliifuata kama bibi harusi. Ndani ya tangi nikakuta konzi chache za punje na nusu ya jembe. Kisha mkanda ukakatika, na kombaini ikateremka yenyewe hadi kwenye mfereji, ikakaa.

Bimkubwa hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alisema, "Mwanangu, hayo ndiyo wajukuu wangu wangekula mpaka mvua za gu, masika yajayo."

Nikafunga leso kiunoni, nikaanza kuokota punje kwenye takataka, mimi na Sheikhan na Bimkubwa, tukishindana na ng'ombe. Mgongo wanivunjika. Yote haya kosa la aliyetengeneza mashine ya ngano na kuileta mahali pasipo ngano.

Jumapili, 25 Januari

Khamis amerudi. Hakupita nyumbani, alishuka moja kwa moja ufuoni. Alipokuja aliketi mkekani, chakula hakukigusa. Nikamweleza yote kwa utaratibu, nikianza na kosa la Fahad, kisha la Sheikhan, kisha la ng'ombe.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Leo nimeona kila kitu ufuoni, hata nyuzi za nyavu. Mashua yetu sikuiona. Nilidhani jicho halikupona. Na hakuna mchu aliyethubutu kunambia."

Nikamsogezea chakula tena, bado hakukigusa. Jambo hilo limeniudhi sana.

Jumatano, 28 Januari

Khamis ameajiriwa kuvuta nyavu katika chombo cha watu wa kisiwa cha Chovai. Ameleta changu wadogo, ameoga, amelala. Hanilaumu. Nimewahi kuvumilia mengi katika ndoa hii, lakini si hili la kutolaumiwa.

Nilikwenda kwa Fahad nikadai mashua yangu. Anasema waliobadilishana wamebadilishana. Nikamwonyesha ile saa: kombaini imefanya kazi na bado inasoma sifuri. Akanipongeza kwa kuitunza.

Ijumaa, 30 Januari

Barke amekuja na mkanda uliokatika mkononi. Mashine yake ilishapata mkanda mpya; Bimkubwa alileta zile punje kusagiwa pamoja na huu aliouokota shambani, wakazungumza, na bado unanuka papa. Nilijitayarisha kwa vita. Hakupiga kelele. Aliketi, akaomba maji, akasema, "Dada, injini ya lile dude ni nzima. Nipe mimi."

Mpango wake ndio huu: anachukua injini ya kombaini aendeshe kinu kikubwa, mashine yake ndogo anampa Fahad, ambaye mkewe anaitamani siku zote, Fahad anarudisha mashua. Na Bimkubwa atasagiwa bure mpaka gu. Fahad kakubali kabla ya swala ya adhuhuri.

Khamis aliipapasa mashua ubavuni, polepole, kama mtu anayemtuliza mnyama. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Nilifurahi. Lakini sasa mtaa, ukihesabu hata ile aliyoitoa, unamwita Barke Mama Mashine Mbili. Mashine ya pili ni ya nani? Nani aliiona kwanza? Hakuna anayeuliza.

Jumatatu, 2 Februari

Nilikwenda bandarini kununua uzi wa nyavu, sina nia nyingine. Nyuma ya ghala nimekuta mtambo wa kushindilia barabara, gurudumu lake la chuma lapita kimo cha Khamis. Nikafikiri: Kismayu yote ni mchanga, na hakuna mtu mwenye mtambo huu nyumbani kwake. Barke hawezi hata kuusukuma.

Mwenyewe ni kijana mstaarabu, hafanani na Fahad kwa lolote. Ameniuliza nina nini cha kubadilishana. Nimemwambia nyumba ina vitu vingi, asimwonyeshe mtu mwingine. Safari hii nimekagua vizuri zaidi. Ameapa hautaharibika kamwe, na nimemwamini, kwa kuwa hauna injini.