Nimeombewa Nikipuliza Tarumbeta Nisilo Nalo

Leo aibu imenikuta hapa Nyaishozi, tena nikiwa nimevaa gauni jipya.

Mnajua okestra ya vijana kutoka Dar imefika kwetu, na Jumapili itapiga wimbo nilioutunga mimi, mwalimu wa kwaya, mkulima wa migomba. (Nimemtangazia hadi fundi baiskeli.) Mazoezi ni leo tu, kanisani. Kiongozi wao alishanionya: wimbo usiposhikika leo, Jumapili wanapiga wa mtu mwingine.

Nimeingia na bunda la kopi, nikagawa kwa maringo. Binti mmoja wa fidla akaigeuza karatasi juu chini.

"Shikamoo mwalimu. Hizi herufi ni za nini?"

"Marahaba. Ndizo nota. D ni do, r ni re." (Kwaya za huku tunaimba hivyo tangu enzi za bibi.)

"Sisi tunasoma zile za mistari na vidoti, mwalimu."

Okestra nzima! Hakuna hata mmoja anayesoma zangu, na zao mimi naziona kwenye picha tu. Nikatamani kurudi kupalilia maharage. Lakini wimbo huu nimeutunga kwa miaka, nikichuma kahawa. Siuachi kirahisi hivyo. Nikavua viatu.

"Basi nawaimbia. Mmoja mmoja, mpaka mshike."

Nikaimba fidla. Nikaimba filimbi. Jasho likalowesha gauni lote. Nilipomfikia kijana wa tarumbeta kubwa, lile linalopakatwa kama mtoto, nikafumba macho, nikajaza mashavu, nikatikisa kichwa: "Buu, bu-bu-buu." Akakosea. Nikapiga magoti, nikarudia kwa sauti nzito zaidi.

Mara nikahisi mikono kichwani. Nikafumbua jicho moja. Ni Mama Koku na wenzake wa kikundi cha maombi. Walikuwa wanapita zao kutoka sokoni, wakanisikia.

"Wewe pepo, mtoke mwalimu wetu!" Mama Koku anaamuru.

Ningefanyaje? Kijana ndiyo kwanza anaanza kuishika sehemu yake, nikinyamaza inampotea. Nikaendelea na bu-bu-buu yangu. Nao wakazidisha maombi. Wapiga fidla wamejishika mbavu.

Hatimaye kijana akapuliza sehemu yake yote bila kosa. Akina mama wakapiga vigelegele, wakijua pepo kanitoka.

Kiongozi kakubali, Jumapili wimbo unapigwa. Njooni, ila naomba msicheke. Mama Koku kasema ataketi karibu yangu, endapo pepo atarudi.